Alama ya Kumi na Nne

Dooley alikuja na lori lake kila baada ya wiki nane, siku ya Jumanne, kujaza nitrojeni kwenye mtungi. Nitrojeni ya kimiminika hupungua yenyewe hata kama hakuna aliyefungua kizibo, na ikiisha, mbegu za madume zilizohifadhiwa ndani huharibika kwa muda wa siku moja. Mtungi wa Eldon Teske ulikuwa na mirija mia mbili na kumi na miwili ya mbegu. Hakuna hata mmoja uliotolewa kwa miaka mitatu. Dooley aliliona hilo kwenye daftari lake kila alipokuja, naye hakulisema.

Eldon alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alifuga ng'ombe mia nne kilomita sabini na nne kutoka Kolandra, mji wenye duka moja, baa mbili na zahanati. Mhimilishaji, yaani aliyewapandikiza ng'ombe mbegu kwa mkono, alikuwa mkewe, Verlie. Alikuwa na mkono mwepesi, na majirani walimwita hata kwa ng'ombe walioshindikana. Alikufa kwa kiharusi mwezi Machi, miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo madume walifanya kazi wenyewe malishoni, na ndama wakawa ndama wa kawaida.

Jumanne ile Eldon alikuwa ameinama akishikilia mlango wa banda usipigwe na upepo.

"Mzee," Dooley akamwita kutoka nyuma, "nani kakupiga risasi?"

"Risasi gani?"

"Shati lako lina damu mgongoni."

"Inzi hao. Mwaka huu wamezidi."

"Inzi gani anayeng'ata hivyo, ana ukubwa wa kuku? Hebu vua nione."

"Jaza mtungi, Dooley."

"Mtungi hauna haraka. Vua."

Eldon alivua. Shati lilikuwa limegandia, akalivuta, akahisi kitu kinabanduka. Dooley, ambaye kwa kawaida aliongea hata akiwa na mkate mdomoni, alisogea akatazama kwanza.

"Sema basi."

"Kuna kovu jeupe, la duara, kama sarafu. Kati ya mabega. Lakini upande mmoja pameingia weusi. Umetambaa pembeni kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza. Hapo ndipo panapotoka damu." Akakohoa. "Nenda kwa daktari, mzee."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nikishatenganisha ndama."

"Sikiliza. Nikirudi, nataka nione karatasi ya daktari. Nisipoiona, sijazi."

"Huwezi kukataa kujaza."

"Nijaribu uone," Dooley akasema. Siku hiyo alijaza, akafunga kizibo.

Eldon alikwenda Alhamisi. Angeulizwa sababu, angesema ni mtungi.

Katika wilaya zile jua huwaandika watu kwenye ngozi mapema, na hakuna aliyepita miaka hamsini ambaye hajawahi kupuliziwa nitrojeni na daktari. Unakaa kitini, daktari anapuliza kwenye doa kwa sekunde kumi, doa linageuka jeupe, linavimba, linabanduka baada ya wiki mbili. Watu huliongelea jambo hilo kama kukata nywele. Dk. Amarasekera alikuwa ametoka Sri Lanka na kukaa Kolandra miaka tisa. Alikuwa mfupi, na aliweka kigoda chumbani ili aweze kuona vizuri migongo ya wafugaji. Alipanda kigoda, akaweka kioo chake chenye taa juu ya doa, akatazama, akakisogeza, akatazama tena.

"Hili silipulizii," alisema.

"Mengine ulipulizia."

"Mengine yalikuwa magamba ya jua. Hili nataka lisomwe." Alishuka. "Nikueleze. Kuna njia tatu za kupata kipande cha kupima. Naweza kukwangua juu kwa wembe. Naweza kutoboa kwa kisu kidogo cha duara. Au nakata doa lote, pamoja na milimita mbili za ngozi nzima kulizunguka, liende maabara likiwa kamili. Kama ninavyofikiri ni sahihi, linaloamua kila kitu ni kina, yaani limezama milimita ngapi. Ukikwangua, unaweza kukikata kina katikati, na baada ya hapo hakuna anayeweza kukipima. Kwa hiyo nalikata lote, leo."

"Haya."

"Na kovu hili la katikati? Lilitokana na nini?"

Wakati huohuo Lorna Pugsley aliingia na sinia la vifaa. Lorna alikuwa muuguzi wa zahanati na ndiye pia aliyepokea simu. Yeye na Verlie walikuwa wamekaa kwenye kamati ya keki ya maonyesho ya wilaya kwa miaka ishirini na sita. Verlie huyohuyo ndiye aliyekwenda shule ya msingi kila Februari kuwaambia watoto wavae kofia, na ndiye aliyewatuma majirani sita kwa daktari kwa sababu ya madoa aliyoyaona yeye kwanza, mmoja wao akiwa mume wa Lorna.

"Seng'enge," Eldon akasema. "Zamani."

Daktari aliandika.

"Lala kifudifudi," Lorna alisema. "Na shati hili, Eldon, limefuliwa lini? Verlie angelichoma moto."

"Lichome basi."

"Utarudi nyumbani na nini, na mbavu zako hizo?"

Ganzi iliuma, kisha haikuuma. Alisikia mkasi, na sauti ya uzi ukivutwa. Akaondoka na nyuzi saba, na amri ya kutonyanyua kitu chochote kizito kuliko birika.

Njiani hakuwaza saratani. Aliwaza Oktoba ile ya mwisho kabla Verlie hajafa. Ng'ombe arobaini walikuwa wamechomwa sindano ili waingie joto siku moja, na kazi ile haisubiri: ukikosa siku, umekosa mzunguko. Jumapili ya kwanza ya mwezi Verlie alimkagua mgongo kama kawaida, akiwa na penseli na karatasi yenye umbo la mgongo alilolichora mwenyewe, kila doa likiwa na namba yake. Alifika kwenye la kumi na nne akasimama. Kisha akaenda kwenye mtungi, akachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, akaibana pale na kuhesabu hadi ishirini. Eldon alikumbuka baridi ile, ilivyogeuka moto. Alikumbuka pamba na hesabu. Walikuwa na nitrojeni ileile ya daktari, lita ishirini nzima, hatua thelathini kutoka jikoni. Nusu ya wafugaji wa wilaya walikuwa wamewahi kujigandisha kidole cha mguu au sikio kwa njia hiyo. Ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Verlie Teske, aliyewahimiza wengine waende kwa daktari.

Alirudi zahanati baada ya siku kumi na tatu. Daktari aliweka ripoti mezani, akaigeuza ili waisome pamoja.

"Ni melanoma," alisema. "Saratani mbaya ya ngozi. Lakini kina kilichopimwa ni sifuri nukta saba ya milimita. Hicho ni kidogo. Kwa kina hicho tunarudi kukata sentimita moja kuzunguka kovu, naweza kuifanya hapahapa, na tunafunga faili."

"Basi tufunge."

"Bado. Soma hapa." Aliweka kidole. Msomaji wa maabara alikuwa ameandika kwamba chini ya saratani kulikuwa na kovu pana, na akauliza swali moja: je, mahali hapa pamewahi kutibiwa kwa kuchomwa, kukwanguliwa au kugandishwa? "Kama ni seng'enge," daktari akaendelea, "kovu ni kovu tu, saratani imeota jirani yake, na sifuri nukta saba ni namba ya kweli. Kama pamewahi kugandishwa, maana yake doa lilikuwapo kabla ya kovu. Sehemu ya juu ilikufa, ya chini ikabaki imefunikwa, na namba hii haina thamani. Hapo nitakutuma hospitali kubwa ya Toowoomba ukakatwe sentimita mbili, na watafute tezi ya kwanza ya kwapani waipime. Ni upasuaji wa kulazwa. Simtumi mtu huko bila sababu, na simwachi hapa bila sababu."

Eldon alisikia kiti cha Lorna kikisogea upande wa pili wa ukuta. Ukuta ule ulikuwa mbao tupu.

"Seng'enge," alisema.

Dk. Amarasekera alimtazama, si kwa ukali. "Una kitu chochote kinachoonyesha lini doa lilianza? Picha? Watu wengine huandika."

"Sina."

"Ijumaa saa nne, basi. Sentimita moja."

Ilikuwa Jumatano. Alipofika nyumbani aliwasha jiko la kuni, ingawa hakukuwa na baridi, kisha akaenda bandani kuchukua daftari la uhimilishaji. Lilikuwa juu ya mtungi, mahali lilipokuwa tangu Machi ile, limejaa vumbi jekundu. Humo Verlie aliandika kila ng'ombe, kila dume na kila tarehe, na nyuma ya jalada ndimo alimokunja karatasi ya mgongo. Eldon hakuwa amelifungua. Sasa alikusudia kuitoa karatasi, kuitia motoni, na kumaliza. Mgongo ulikuwa wake, na kama namba ilikuwa ya uongo, atakayelipa ni yeye. Jina lilikuwa la Verlie, naye hakuwapo kulitetea.

Aliikunjua mbele ya jiko kwa sababu tu ilikuwa nene na isingepita kwenye mlango wa jiko ikiwa imekunjwa.

Mgongo ulikuwa umechorwa kwa kalamu, madoa kwa penseli. Namba zilikwenda hadi ishirini na mbili. Pembeni, kwa mwandiko mdogo uleule wa kwenye daftari la ng'ombe, kulikuwa na orodha. Akaitafuta kumi na nne.

*Oktoba. 14: jeusi, ukingo haufanani. Silipendi. E. hataki kwenda mjini kabla ya ng'ombe. Kaniambia nigandishe. Nimegandisha. Ameahidi kwenda kwa daktari wakimalizika.*

Neno "ameahidi" lilipigiwa mstari.

*Novemba. 14: kovu jeupe. Hajaenda.*

*Desemba. 14: vilevile. Nimemwambia. Anasema baada ya mvua. Hajaenda.*

*Januari. Hajaenda.*

*Februari. Hajaenda.*

Machi haikuwapo.

Eldon alisimama pale hadi kuni zikashuka. Alijaribu kukumbuka kuahidi. Aliikumbuka baridi ya pamba, ng'ombe arobaini, hata jina la dume waliyemtumia. Ahadi hakuikumbuka kabisa, wala Desemba. Lakini mwandiko ule haukuwahi kukosea tarehe ya ng'ombe hata mmoja kwa miaka thelathini, na hakuona sababu ya kuamini kwamba ulianza kukosea kwake. Kwa miaka mitatu alikuwa akiulinda upumbavu wake mwenyewe, akauita jina la mkewe.

Alifunga mlango wa jiko. Karatasi ilibaki nje.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni mwa zahanati kabla hawajafungua. Lorna ndiye aliyefungua.

"Miadi yako kesho."

"Najua. Nataka nakala ya hii, kwa daktari. Ya kwangu nairudisha nyumbani."

Lorna aliichukua hadi kwenye mashine. Eldon aliuona mgongo wa Lorna ukisimama tuli, na mashine ikingoja na mwanga wake. Kisha ikalia, ikatoa nakala.

"Mwandiko wake," Lorna alisema.

"Ndiyo."

"Najua habari hii, Eldon."

"Unajuaje?"

"Aliniambia. Kila mwezi kwenye kamati, tukiwa tunapima skonzi za boga za watu. Namuuliza, 'Vipi, yule mkaidi kaenda?' Ananijibu, 'Hajaenda.'" Alimrudishia karatasi. "Uliposema seng'enge nilitaka kukupiga na sinia."

"Ungenipiga."

"Halafu? Siwezi kumsemea mgonjwa aliye hapo na mdomo wake. Nilikupa hadi kesho saa nne. Ungemwambia tena seng'enge, ningesema mimi, wanifukuze kazi." Alifuta pua kwa mkono. "Kaa. Anakuja."

Dk. Amarasekera aliisoma nakala yote, kuanzia namba moja. Ilichukua muda, na Eldon akamweleza kuhusu pamba na hesabu. Hakumlaumu, alipiga simu Toowoomba, akataja Oktoba ile na mwaka wake, akataja pamba, sekunde ishirini. Alipokata simu alisema, "Mkeo angekuwa daktari mzuri," kwa sauti ileile aliyotumia kutaja sekunde.

Hospitali ya Toowoomba ilimpa fomu. Jina, umri, dawa unazotumia, na kwenye mstari wa kumi na moja: *mtu atakayekuchukua na kukaa nawe saa ishirini na nne baada ya upasuaji.* Eldon aliujaza ukurasa wote akaacha mstari huo.

"Umeruka hapa, baba," alisema muuguzi, kijana wa Kifilipino mwenye miwani.

"Sijaruka."

"Mtoto? Jirani?"

"Jirani yangu wa karibu yuko kilomita kumi na nane, naye ana nyonga mbovu."

"Rafiki?"

Eldon alimfikiria Dooley. Alitambua kwamba hakujua kama Dooley lilikuwa jina au ukoo. "Andika hakuna," alisema.

Walimchoma sindano nne kuzunguka kovu: kwanza dawa yenye mionzi hafifu, kisha wakiwa wamemlaza usingizi, rangi ya buluu. Vyote viwili hufuata njia ambayo saratani ingefuata kama ingesafiri, na tezi ya kwanza inayogeuka buluu ndiyo inayotolewa. Kwake zilikuwa mbili, zote kwapa la kushoto. Wakakata sentimita mbili kila upande, wakavuta ngozi pamoja. Alipokojoa mara ya kwanza, mkojo ulikuwa wa kijani. Alitaka kumwambia mtu. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu, kwa hiyo aliusukuma kwa maji akarudi kulala. Walimweka usiku mmoja zaidi, si kwa sababu ya ugonjwa bali kwa kukosa mtu wa mstari wa kumi na moja.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Tezi mbili, zote safi. Ndani ya ngozi iliyokatwa, sentimita moja na nusu kutoka kwenye kovu, kulikuwa na kifungu kidogo cha seli za saratani kilichotengana na doa lenyewe, milimita moja nukta moja kwenda chini.

"Sentimita moja nisingekifikia," Dk. Amarasekera alisema. "Sasa kimetoka. Lakini mtu akishapata moja, anaweza kupata nyingine. Mimi nitakuona kila miezi mitatu. Katikati, kila mwezi, mtu akutazame nyumbani. Mgongo hasa."

"Mtu," Eldon alisema.

"Mtu yeyote mwenye macho."

Alijaribu vioo. Alisimama na kioo cha kunyolea mbele, akikipa mgongo kioo cha kabati, akiwa na penseli mkononi. Aliona mabega na kiuno. Katikati palijificha nyuma ya shingo yake mwenyewe, na alipogeuka, kushoto kukawa kulia. Alitia doa moja kwenye karatasi, akagundua ameliweka upande usio wake, akalifuta. Lilibaki wingu la kijivu kwenye mchoro safi wa Verlie, na hakujaribu tena.

Wiki ya nane Dooley aliteremka kwenye lori akiwa amenyoosha mkono.

"Karatasi ya daktari, mzee."

Eldon alimpa ripoti. Dooley aliisoma akisogeza midomo, akarudi kwenye neno moja mara mbili, kisha akaikunja vizuri kuliko ilivyokuwa.

"Safi, wanasema."

"Safi."

"Na kwenye kwapa?"

"Safi."

"Basi najaza." Alivaa glavu, akasita. "Ila lazima nikwambie kitu, maana ofisini wameniuliza. Mbegu hizi huzitumii. Wanaweza kukutoa kwenye orodha. Mtungi unaukausha, unauuza, huna haja ya kuningojea kila mara."

Eldon alikuwa tayari ameshavua shati. Aliishika karatasi ya mgongo na penseli.

"Unajua kuhesabu hadi ishirini na mbili?" aliuliza.

"Nikivua viatu."

"Anzia bega la kushoto, shuka. Kila doa linganisha na hapa. Lililobadilika niambie. Jipya, litie na ulipe namba."

Dooley alivua glavu. Vidole vyake vilikuwa baridi sana, vya mtu anayeshinda na nitrojeni, na penseli ilikuwa fupi kwake. Alihesabu kwa sauti, akakosea kwenye saba, akaanza upya. Ilimchukua robo saa. Alipata mawili mapya chini ya mbavu, akayapa ishirini na tatu na ishirini na nne, kwa tarakimu kubwa za kitoto zisizofanana na nyingine yoyote kwenye karatasi.

"Hapa kwenye kumi na nne hakuna doa," alisema. "Kuna mshono tu, kama wa gunia. Niandike nini?"

"Tarehe."

"Tarehe tu?"

"Tarehe ya leo. Chini ya Februari."

Dooley aliandika. Aliyasoma yaliyoandikwa juu yake, Eldon akamsikia akiyasoma. Eldon alivaa shati, akaanza kufunga vifungo kutoka chini.

"Sasa mtungi," Dooley alisema. "Niwaambie nini?"

"Jaza."

Dooley alifungua kizibo. Mvuke mweupe ukamwagika kando ya mtungi, ukatambaa sakafuni hadi kwenye viatu vyao, ukapotea.